Chalbi Si Uwanja Mtupu: Kabla ya Kuwasha Gari, Acha Neno Nyuma

Yafuatayo ni mazungumzo ya dereva mmoja mkongwe wa njia za kaskazini mbele ya madereva, vijana wanaoongoza wageni na wakazi waliokusanyika mjini Marsabit. Tunayachapisha karibu yote kama alivyoyasema, kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.

Najua humu kuna Wagabra, Warendille, Waborana, Wasamburu, Waturkana, Waburji na wengine, na kila mmoja ana namna yake ya kuulizana habari za safari. Nimeombwa niongee juu ya safari za gari jangwani. Nitajaribu kuwa mfupi, ingawa dereva akipewa nafasi ya kusema ni kama ngamia akifika kisimani.

Siku hizi wageni wanaongezeka. Zamani mtu akitoka Nairobi kuja hapa, baada ya Isiolo alikuwa anakula vumbi na mawe hadi meno yanauma. Leo lami imefika Moyale, na kutoka Laisamis kuna barabara ya takriban kilomita 208 iliyotengenezwa ili mitambo ya umeme wa upepo ibebwe hadi karibu na ziwa. Mgeni anafika kwetu bila kuchoka. Tunashukuru, kwa sababu mgeni hulala, hula, hukodi gari na kumlipa kijana wetu amwonyeshe njia. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakukosea.

Lakini lami ina hila yake. Inamleta mtu hadi ukingoni mwa jangwa akiwa bado na kichwa cha mjini. Gari ni safi, simu ina chaji, muziki unacheza. Anaiona Chalbi ni nyeupe, tambarare, haina mti wala kilima, anadhani amepewa uwanja wa ndege wa kuchezea. Hapo ndipo sisi wenyeji tunapohitajika.

Neno langu leo ni moja. Gari lolote linaloingia nyikani lisiingie kabla mtu hajajua linakopita na saa linayotarajiwa kufika. Mengine yote nitakayosema, ya maji, matairi na mafuta, ni ya kumweka mtu hai mpaka yule mwenye habari amfikie.

Acha neno

Kuacha neno si kupunga mkono na kusema, "Tunaelekea North Horr." Neno kamili lina mambo sita. Watu ni wangapi na majina yao ni yapi. Gari ni la aina gani, rangi gani, nambari gani. Njia ni ipi: kupitia Maikona na Kalacha, au kupitia Kargi. Mtasimama wapi. Mtafika lini. La sita ndilo watu wengi husahau: ikifika saa fulani hamjaonekana, ni nani ataanza kuwatafuta?

Liandike kwenye karatasi mara mbili. Moja iache unapoondokea, kwa chifu, kituo cha polisi au mwenye hoteli mliyolala. Nyingine isome kwa simu kwa mtu wa huko unakokwenda, ungali na mtandao. Nambari 999 na 112 ni za dharura na ni vizuri kuzijua, lakini katikati ya Chalbi simu ni saa ya mkononi tu. Mwenye uwezo na abebe simu ya setilaiti. Asiye na uwezo, karatasi yake ndiyo setilaiti yake.

Na ukifika, sema umefika! Jamani, kuna watu hufika salama, wakakaa kivulini na soda baridi, wakamsahau aliyekuwa akiwangojea. Kijana anaacha mifugo, gari la wodi linachoma mafuta usiku kucha, wazee hawalali, kumbe mtu yuko ziwani anapiga picha. Safari nyingine mtu kama huyo akipotea kweli, wa kumkimbilia atasita. Hiyo ni hasara yetu sote.

Msidhani habari hizi ni za wageni wasiojua kazi. Mwaka 1934 msafara wa watafiti ulioongozwa na Mwingereza Vivian Fuchs ulifika kwenye ziwa letu, wakati huo likiitwa Ziwa Rudolf. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walivuka kwa mashua kwenda Kisiwa cha Kusini. Hawakurudi. Fuchs huyo ndiye ambaye baadaye, mwaka 1957 hadi 1958, aliongoza magari yaliyovuka bara la barafu la Antaktika. Alikuwa mtu wa safari hasa, na bado upepo wa Turkana ulimpokonya watu wawili. Ujuzi husaidia, lakini hauondoi haja ya tahadhari.

Ulizia njia ya leo

Jambo la pili ni kuuliza. Ramani ya simu inaonyesha njia ilipo. Haikuambii kama jana ilinyesha. Chalbi zamani ilikuwa ziwa, na mvua ikija hukumbuka uziwa wake. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, maji hutoka milimani na kutuama pale. Hata jua likirudi, juu hukauka mapema na chini hubaki laini. Akina mama mnaujua ukoko wa wali. Chalbi baada ya mvua ndiyo hiyo: juu ni ukoko, chini ni uji. Gari huingia mita mia vizuri, halafu ukoko unapasuka, na magurudumu yanazama hadi tumbo la gari linalala chini.

Kwa hiyo muulize mtu aliyepita jana, siyo aliyepita mwezi jana. Muulize dereva wa lori la mizigo na mchungaji aliyetoka huko na ngamia. Usipompata wa kumuuliza, shuka utembee mbele ya gari. Mahali ambapo kisigino chako kinazama, gari litazama zaidi. Fuata alama za magurudumu ya zamani zilizokauka, na kama alama hizo zinaizunguka sehemu fulani, izunguke na wewe. Aliyezunguka alikuwa na sababu.

Hapa nina ombi kwetu sisi wenyeji. Mgeni akituuliza, "Kalacha ni mbali?" tuna mazoea ya kujibu, "Ni hapo tu." Karibu ya mchungaji si karibu ya dereva. Sisi tunapima kwa miguu ya ngamia na subira ya mwanadamu. Yeye anapima kwa mafuta yaliyobaki kwenye tangi. Mwambie kwa saa, mwambie kwa alama anazoweza kuziona, na kama hujui, sema hujui. Kijana unayeongoza wageni, usikubali pesa ya njia usiyowahi kupita. Ukiombwa kwenda Ileret na wewe unaijua Kargi, mpe kazi hiyo mwenzako wa Ileret. Na habari za usalama ziulizwe kila safari, kwa chifu na kwa polisi, kwa sababu njia iliyokuwa salama wiki iliyopita huenda leo watu wanaiepuka.

Beba kwa hesabu

Sasa tuje kwenye mizigo. Maji hayakadiriwi kwa macho. Chukua lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa kila siku, kisha ongeza siku 2 za akiba. Watu 4, safari ya siku 3, ukiongeza 2 ni siku 5. Nne mara tano mara tano ni lita 100. Hiyo ni mitungi 5 ya lita 20, bila kuhesabu ya kuosha wala ya redieta. Usiweke yote kwenye chombo kimoja, maana kikipasuka umebaki na hadithi. Na usitegemee maji ya ziwa. Yana magadi na floridi nyingi, na ukingoni kuna mamba.

Mafuta nayo, ukiingia mchangani gari hunywa kama lina homa. Piga hesabu ya lami, kisha ongeza nusu yake. Yako mafuta ya kununua kwa mitungi katika miji midogo, lakini kuna siku hayapo, na jangwa halichagui siku.

Matairi ya akiba yawe 2. Kwenye mawe meusi ya Dida Galgalu na kando ya ziwa kuelekea Loiyangalani, tairi halichomwi chini tu. Jiwe hulikata ubavuni, na ubavu hauzibiki kwa gundi. Huko nenda polepole, na tairi liwe na upepo wa kutosha. Ukifika kwenye mchanga laini, mambo hugeuka. Punguza upepo hadi kipimo cha 18 au 20, tairi litandazike kama wayo wa ngamia. Mungu alimpa ngamia wayo mpana kwa sababu hiyo hiyo. Ukitoka mchangani jaza tena kabla ya kukimbia, kwa hiyo pampu ni lazima iwepo. Ongeza sepetu, jeki na ubao wa kuilalia ili isizame, kamba imara ya kuvutia, spana, waya, na sanduku la huduma ya kwanza.

Magari yawe mawili. Hata liwe ni gari jipya linalovuta kwa magurudumu yote manne, likizama peke yake ni kibanda cha chuma. La pili ndilo linalolifanya kuwa gari tena. Yaachane nafasi ya kutosha ili wasizame wote mahali pamoja, lakini wasipoteane. Wa mbele kila mara amtazame wa nyuma kwenye kioo. Asipomwona, asimame.

Saa za njiani

Ondokeni alfajiri, saa kumi na moja. Kuanzia saa sita hadi saa tisa tafuteni kivuli, mpumzike na gari lipumzike. Upepo ukikusukuma kutoka nyuma, injini hupata moto haraka kwa sababu hewa haipiti kwenye redieta. Simama, geuza pua ya gari ielekee upepo, liache lingurume taratibu mpaka lipoe. Na huko ziwani, ukifungua mlango ushike kwa mikono miwili. Upepo unaozungusha mitambo 365 hauwezi kushindwa na bawaba za mlango wako.

Jioni fikeni kabla giza halijaingia. Anayeelekea magharibi jua humpiga machoni, na kivuli cha shimo hakionekani. Adhuhuri nako kuna sarabi, yale maji ya uongo yanayong'aa mbele na kukimbia kila ukiyasogelea. Watu wameacha njia nzuri wakiyafuata.

Tena lipo jambo la laga. Mvua inaweza kunyesha Kulal, au kwenye milima ya Ndoto, au Huri Hills, na wewe uko chini kwenye mchanga mkavu na mbingu ya buluu. Maji hayakupi taarifa. Hushuka na magogo na mawe. Usipige hema ndani ya laga, hata kama mchanga ni laini na mti una kivuli kizuri. Ukikuta maji yanapita, zima gari ungoje. Mengi hupungua baada ya saa chache. Ikibidi mlale, laleni. Anayevuka kwa sababu mwenzake amevuka hajui mwenzake alipita kwenye jiwe gani.

Mkikwama

Ikitokea mmekwama na gari haliwezi kutoka, sheria ya kwanza ni msiondoke kwenye gari. Nasema tena, msiondoke. Anayetafutwa kutoka mbali huonekana kwa gari lake. Mtu mmoja anayetembea ni kama kijiti. Kaeni upande wa kivuli, na chini msikae juu ya ardhi yenye moto, tandikeni kitu. Nyweni maji mkisikia kiu. Maji yaliyookolewa mtunginihali mtu ameanguka hayamsaidii. Maji ya redieta msinywe, yana dawa ya sumu.

Inueni boneti, ni ishara. Mchana, kioo cha gari kikielekezwa juani humulika mbali. Moshi mweusi wa tairi la akiba huonekana kilomita nyingi, lakini kwanza ondoeni valvu litoke upepo wote, ndipo mlichome, mbali na gari. Usiku washeni moto wa kawaida. Mwenzenu akiacha kutoka jasho, ngozi ikawa ya moto na akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, huyo yuko hatarini: kivuli, maji mwilini, mpepeeni, na akiweza kumeza mpeni anywe kidogo kidogo.

Mkifanya hivyo, yule mliyemwachia neno naye ana kazi rahisi. Anajua njia, anajua gari, anajua saa. Ataanza asubuhi, na kwa siku moja au mbili atawafikia. Kama hakuna aliyeachiwa neno, hata maji lita 100 yatakwisha mkiwa mnatazama upeo wa macho.

Nyika ina wenyewe

La mwisho. Wageni wengi hupenda kusema wamekwenda mahali pasipo na mtu. Ninyi mnajua hakuna mahali kama hapo. Kisima kina zamu, na aba herega anajua leo wanakunywa ngamia wa nani. Gari likifika kisimani na kuanza kujaza mitungi, limepita mbele ya wanyama waliotembea siku mbili. Mwongozaji, shuka kwanza, salimia, omba. Ukipewa, shukuru, ukiambiwa ngoja, ngoja.

Vichaka vile vidogo ambavyo dereva wa mjini anavikanyaga akidhani ni takataka ni chakula cha mbuzi na ngamia. Gurudumu likipita nje ya njia linaacha mfereji, mvua ikija unakuwa korongo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inatambua kwamba ardhi hii ni ya jamii, kwa hiyo kuacha njia na kuchora duara kwenye Chalbi ili kupata picha ni kama kuendesha gari kwenye shamba la mahindi la mtu wa Kitale.

Na kule Sibiloi na Koobi Fora, mawe yanayofanana na mifupa huenda ni mifupa kweli. Pale ndipo mwaka 1972 lilipopatikana fuvu linaloitwa 1470, ambalo dunia nzima ililisikia. Kitu kama hicho kikiokotwa na kutiwa mfukoni, kimepoteza habari yake, maana wataalamu wanahitaji kujua kilikuwa wapi hasa. Sheria inakataza kukichukua. Kiacheni mahali pake, mtoe taarifa kwa askari wa hifadhi au kwa Makavazi ya Kitaifa.

Madereva wenzangu, vijana wangu, kazi hii ni nzuri. Ina riziki, na ina fahari ya kumwonyesha mtu North Horr kukiwa na mikoma na maji baada ya siku nzima ya weupe mtupu. Ninachowaomba ni kwamba kuanzia kesho, kila gari la kukodi liwe na kitabu kidogo cha karatasi mbili mbili. Moja ibaki, moja iende. Mgeni akikataa kuandika kwa haraka zake, mwambieni gari haliondoki. Atanung'unika hadi Maikona, halafu atanyamaza akiona alikoingia.

Nanyi mama na wazee mnaobaki nyumbani, mkipewa karatasi hiyo, msiifungie sukari. Iwekeni mahali pa kuonekana, na saa iliyoandikwa ikipita, msingoje kuona haya. Pigeni simu, amsheni watu. Afadhali tumwamshe chifu bure mara kumi kuliko kumwachia jangwa mtu mmoja.

Mwenye swali aulize, na anayesafiri kesho aniachie neno kabla hajatoka humu ndani.